Msusi Aliyekimbiwa na Vichwa

Mtaani walimwita Vidole, kwani kichwa ambacho msusi mwingine angekimaliza jioni, yeye alikimaliza kabla ya adhuhuri, na mteja hajatoa hata chozi. Kwa miaka tisa aliishi chumba kimoja na mwalimu wa chekechea, mwanamke mwenzake. Majirani waliambiwa ni binamu, na kwa kuwa nao walitaka kusukwa vizuri, hawakuuliza binamu wa upande gani.

Kisha kaka yake mwalimu akaja bila hodi, akakuta kitanda kimoja. Alimfungia dada yake mizigo yeye mwenyewe. Kwa hasira akabeba hata miswaki yote miwili. Baada ya miezi mitatu mwalimu alipiga simu mara moja tu: "Wameniozesha. Usinitafute, mpenzi. Watakuumiza." Namba ile haikupatikana tena.

Maneno hayana miguu, lakini hufika. Mteja mmoja alisema kichwa kinamuuma, mwingine kafiwa, wa tatu hakujisumbua kutunga uongo: "Mikono yako hiyo isiniguse." Mwenye saluni akamwomba apumzike kidogo, na hicho kidogo hakikuisha. Shangazi yake, aliyemlea tangu ananyonya, akapiga simu kuhusu harusi ya mdogo wake Vidole.

"Mwanangu, usije."

"Shangazi, si mimi niliyeahidi kumsuka bibi harusi?"

"Najua. Tumeshapata mwingine. Lakini unakula?"

"Nakula."

Hakuwa akila. Alipika kikombe kimoja cha mchele, nacho kikalala. Mtangazaji wa redio akisema habari za asubuhi, yeye aliitikia, "Nzuri," apate kusikia sauti yake.

Homa ilipomshika, alijikokota hadi duka la dawa, akarudi, akalala siku tatu pasipo mtu kugonga. Siku ya nne, mchana, akaingia mfagizi wa hospitali, mama mnene aliyemjua kwa sura tu.

"Nimepiga hodi ya kutosha. Nimesikia unaumwa."

"Nani kakwambia?"

"Muuza dawa. Ni mwenzetu."

"Mwenzenu kina nani?"

Mfagizi akaweka chupa ya uji mezani, akavuta kigoda. "Sisi. Kwani ulidhani katika mji mzima uko peke yako? Una majivuno, mdogo wangu."

Vidole akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kilio. Mfagizi hakumbembeleza. Alisubiri, kisha akampa kijiko.

Walikuwa saba, wakikutana Jumapili alasiri kwa mshona mapazia, mmoja wao. Mkubwa wao alikuwa bibi wa miaka sitini na tatu, mwenye wajukuu wanne na siri ya miaka arobaini. Hakumhoji Vidole. Alivua kitambaa, akaketi sakafuni mbele yake.

"Nisuke. Tangu nizaliwe sijasukwa na mtu anayenijua."

Vidole alisuka taratibu kuliko alivyowahi kusuka maishani, na hakuna aliyemharakisha.

Sasa ana kiti chake kwa mshona mapazia, na wateja wachache wasiopenda umbea. Harusi ya mdogo wake aliiona kwenye picha. Jumapili hupita upesi, lakini siku nyingine huburuta miguu. Jumatano, mfagizi akitoka zamu, humwandikia neno moja: "Upo?"

Naye hujibu, "Nipo," kisha huiweka simu chini na kukaa kidogo akiitazama.