Mama Mboji na Usafi wa Mkurugenzi

Kwa miaka ishirini na mbili, ile idara ya mazingira ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeyaelewa mazingira, na mtu huyo hakuwa na meza. Alikuwa mtunza bustani. Kwenye orodha ya wafanyakazi jina lake lilikuwa la mwisho, chini ya lile la dereva wa gari ambalo lilikuwa limekaa juu ya matofali tangu enzi za wakurugenzi watatu waliopita. Watu walimwita Mama Mboji. Mwanzoni walimwita hivyo kwa kumcheka, kisha wakasahau kucheka, jina likabaki.

Aliajiriwa akiwa mfagizi, mama mwenye mtoto mmoja mgongoni na pumu kifuani. Nyuma ya jengo la idara alikuta eneo jekundu, kavu, gumu kama sakafu, ambalo wafanyakazi waliliita uwanja wa ndege. Kiangazi kilipofika, vumbi lake liliingia ofisini na kulala juu ya mafaili, ambayo hata hivyo hakuna aliyeyafungua. Mvua iliponyesha, maji yalipita juu yake kama yanakimbizwa, yakachota udongo na kwenda nao barabarani. Miti saba iliwahi kupandwa pale kwa hotuba na kupiga picha. Mitatu ilikuwa bado hai, kwa ukaidi wake yenyewe.

Alipewa amri ya kufagia majani ya miti hiyo kila asubuhi na kuyachoma. Alichoma mwezi mzima huku akikohoa hadi machozi yanamtoka, mwisho akaona potelea mbali. Akawa anafagia vizuri mbele za watu, kisha anayasukumia majani nyuma ya stoo, chini ya mti mkubwa, mahali ambapo msimamizi wake hafiki kwa kuogopa kuchafua viatu. Kwa hiyo tuseme ukweli: elimu yake yote ilianzia kwenye kukwepa kazi.

Masika yalipopita alikwenda kulitawanya lile rundo kabla hajakamatwa. Chini yake akakuta udongo mweusi, laini, wenye harufu nzuri, umejaa minyoo wanene na nyuzi nyeupe za ukungu zilizoshonana na mizizi kama kazi ya fundi. Hatua mbili pembeni, jembe lilikuwa linadunda. Alichuchumaa pale akachota udongo ule mkononi, akautazama, akaunusa, akatazama nyuma kama mwizi. Hakuiita sayansi. Alidhani ni bahati, akaenda kutafuta majani mengine.

Kutoka hapo hakurudi nyuma. Kantini ikampa maganda na majani ya chai, na idara ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kunywa chai haikuwahi kuishiwa majani ya chai. Mchwa walikuja wakala vijiti vikavu na kutoboa vijia ardhini. Maji ya mvua yakapata mahali pa kuingilia. Minyoo wakafuata unyevu. Vyura wakafuata wadudu, ndege wakafuata matunda, wakaacha mbegu ambazo hakuna aliyezitia kwenye bajeti. Miti ikatanua, kivuli kikazuia jua lisiikaushe ardhi, na ardhi yenye unyevu ikaipa miti nguvu ya kuvuka kiangazi. Ofisi zinazotazama bustani zikawa na ubaridi hata saa nane mchana, wakuu wa vitengo wakaanza kuzigombania kwa barua.

Siku moja katibu muhtasi wa mkurugenzi, dada mpole aliyekuwa akila chakula chake cha mchana kule bustanini, alimuuliza anaufanyia nini udongo ule.

"Siufanyii kitu," Mama Mboji alimjibu. "Wenyewe unakula, unakunywa, unapumua. Mimi napakua tu."

Nyumbani mume wake, fundi viatu, alimtania kila jioni kwamba ameoa mwanamke anayewaheshimu minyoo kuliko mawifi zake. Mama Mboji hakubisha, kwa sababu ilikuwa kweli.

Halafu akaja mkurugenzi mpya. Alikuja na suti za rangi tatu, viatu vya kumetameta, na neno moja ambalo alilitia kwenye kila sentensi: taswira. Idara inahitaji taswira. Lango halina taswira. Pengine bustani ingesalimika, kwani ofisi yake ilikuwa upande wa barabara, lakini wiki ya pili alipita bustanini akiwa na wageni watano, akiwaeleza mipango yake, ndipo kiwavi mmoja wa kijani, asiye na cheo chochote, akaanguka kutoka mtini na kumwingia kwenye kola. Mkurugenzi alitoa sauti ambayo wafanyakazi waliijadili hadi mwisho wa mwezi. Wengine walisema ni kelele ya kawaida. Mlinzi, aliyekuwa karibu zaidi, alisisitiza kwamba alimwita mama yake.

Kesho yake asubuhi mkurugenzi alirudi, safari hii akiwa amefunga vifungo vyote. Mama Mboji alimwamkia, akaitikiwa kwa kichwa.

"Haya majani yote yanafanya nini hapa?" mkurugenzi aliuliza.

"Yanaoza, mheshimiwa."

"Yanaoza, na wewe unayaangalia?"

"Ndiyo kazi yangu."

Alijaribu kumweleza. Alitifua kidogo kwa mkono, akamwonyesha minyoo, akamwonyesha zile nyuzi nyeupe, akamwambia kwamba majani yakiondolewa jua litaupiga udongo, udongo ukikauka hawa watakufa, na hawa wakifa hakuna atakayeyafungulia maji mlango. Mkurugenzi alisikiliza huku akisoma ujumbe kwenye simu. Alipomaliza kusoma akasema kwamba idara ya mazingira haiwezi kukaa katika mazingira machafu, na kwamba mama amefanya kazi nzuri, sasa apumzike. Kupumzika kwenyewe kulikuwa ni kuhamishiwa kantini, akagawe chai.

Kampuni ya usafi ilikuja na malori. Majani ya miaka ishirini na mbili yalizolewa kwa siku mbili na kupelekwa jalalani. Ardhi ikakwanguliwa hadi ikawa nyekundu, ikapigwa dawa ya wadudu mara tatu kwa sababu mara ya kwanza bado kulikuwa na vitu vinatembea. Zikaletwa nyasi zilizokunjwa kama mikeka, zikatandazwa. Pembeni zikamwagwa kokoto nyeupe. Matawi yakakatwa kwa kipimo kimoja, na mashina ya miti yakapakwa chokaa mpaka kiunoni, miti ikasimama kama wanafunzi waliovaa soksi za kuazima. Bango likasimikwa: usikanyage nyasi. Mkurugenzi akapigwa picha akiwa amezikanyaga.

Kwa wiki kadhaa palipendeza, kama picha ya kalenda inavyopendeza. Mama Mboji aliona yaliyofuata kupitia dirisha la kantini, akiwa ameshika birika. Ndege walikuja, wakazunguka, hawakukuta cha kula, wakahama. Vyura walikutwa wamekauka juu ya kokoto. Baada yao mbu wakaongezeka, na kila kitengo kikaomba dawa ya kupuliza. Nyasi zilimwagiliwa asubuhi na jioni lakini maji yalikaa juu yake kama mgeni asiyekaribishwa, yakapigwa jua, yakapaa. Ofisi zile za ubaridi zikawa tanuri. Wakuu wa vitengo wakaandika barua tena, sasa wakitaka kuhamishwa kutoka upande uleule waliokuwa wakiugombania, na hakuna hata mmoja aliyeandika kwa nini.

Siku moja baada ya chakula cha mchana Mama Mboji alitoka na kijiti, akajaribu kukichomeka ardhini pale lilipokuwa rundo lake la kwanza. Kikavunjika. Akakaza moyo, akachukua kingine kinene zaidi, nacho kikavunjika. Alirudi kantini akagawa chai bila kumtazama mtu usoni.

Jioni ile mume wake hakumtania. Aliweka chini kiatu alichokuwa akishona, akamwambia aache ile kazi, kwani chai anaweza kuwachemshia watu popote.

"Nikiondoka," mkewe alisema, "nani atakuwa anakumbuka palivyokuwa?"

Fundi viatu akarudi kwenye kiatu chake.

Miezi minane baada ya ule usafi, idara iliandaa warsha kubwa kuhusu afya ya udongo. Ilifanyika kwenye ukumbi wa chini, ule wenye milango ya vioo inayofungukia bustani, ili wageni waone taswira. Wageni walivaa vitambulisho shingoni na kupewa mikoba yenye maneno "Udongo ni Uhai". Mtaalamu aliyealikwa alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya taratibu. Alionyesha picha ukutani, moja baada ya nyingine: majani yanayooza, mchwa, minyoo, nyuzi nyeupe za ukungu zikipelekea mizizi chakula. Akaeleza kwamba hali ya hewa, udongo na viumbe si vitu vitatu vinavyoishi jirani. Kila kimoja kinamlisha mwenzake, na ukimng'oa mmoja, wawili waliobaki wanaanza kuugua.

Mama Mboji alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Vikombe vilikuwa vinamsubiri naye hakwenda. Alikuwa akiitazama bustani yake ukutani, imekuzwa mara mia, ikisimuliwa na mtu ambaye hajawahi kuiona. Hakujua kama anataka kulia au kumsahihisha, kwa sababu kwenye suala la mchwa aliona mtaalamu anawapunja. Mbele kabisa, mkurugenzi alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila neno, akiandika kwenye daftari.

Mvua ilianza mtaalamu alipofika kwenye picha ya sifongo. Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu, nayo haikubisha hodi. Mtaalamu alipaza sauti kidogo ili asikike, akasema udongo wenye afya hunywa maji kama sifongo. Kabla hajamaliza, maji mekundu yakapenya chini ya milango ya vioo. Yalikuja na kokoto nyeupe, zikigongana kwenye vigae. Huko nje zulia la nyasi lilikuwa limenyanyuka, kwani mizizi yake ilikuwa haijashika chochote, likateleza lote kwa pamoja na kuziba mdomo wa mfereji. Hapo maji yakakosa njia nyingine yakaingia ukumbini kwa nguvu. Wageni walikunja miguu juu ya viti. Mikoba ya "Udongo ni Uhai" ilielea. Mkurugenzi alipanda kitini mzimamzima, amebeba viatu vyake kifuani kama watoto mapacha.

Mtaalamu alisogea dirishani, akatazama nje kwa muda.

"Hapa palikuwa na nini zamani?" aliuliza.

Wakuu wa vitengo wakawa wanachunguza maji. Ni katibu muhtasi, ambaye katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kusema neno mkutanoni, aliyenyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Muulizeni yule mama aliyeshika chupa."

Wote wakageuka. Mama Mboji aliitua chupa juu ya meza, mahali pakavu.

"Palikuwa na hicho ulichotuonyesha kwenye picha," alisema. "Tulikisafisha."

Alirudi kantini kufunika sukari isilowe, na huko, peke yake, alicheka mpaka pumu ikamshika, kisha akalia kidogo, kisha akaosha vikombe.

Iliundwa kamati. Kamati ilikaa mara sita, ikala vizuri, ikaandika ripoti yenye kurasa nyingi iliyosema kwamba mafuriko yale yalisababishwa na mabadiliko ya tabianchi. Kiwavi hakutajwa, wala malori. Mkurugenzi, kwa jinsi alivyolisimamia janga kwa utulivu, alipandishwa cheo na kupelekwa kwenye ofisi kubwa zaidi, inayoshughulikia maji. Ukaanzishwa mradi wenye jina refu wa kurejesha uhai wa udongo nyuma ya jengo, na mtaalamu akawa mshauri wake. Huyu angalau alikuwa mwungwana: siku ya kwanza alivua soksi, akamwomba Mama Mboji amfundishe. Walibishana kuhusu mchwa wiki nzima, na mtaalamu ndiye aliyekubali yaishe.

Mama Mboji alirudishwa bustanini, safari hii akiwa na fulana ya kung'aa na cheo kipya cha mshiriki kutoka jamii, utadhani jamii ni mahali na yeye ametumwa. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba asije mtu kufagia. Katibu muhtasi alilichapa ombi hilo kuwa tangazo, mwenyewe, na kulipiga muhuri bila kumuuliza mtu.

Mti mmoja kati ya mitatu haukupona. Walitaka kuung'oa na kuupeleka jalalani, Mama Mboji akakataa, akaulaza palepale uoze. Mwaka wa kwanza hakuona kitu ila ardhi ngumu na majani yaliyokauka juu yake, na kuna siku alikaa juu ya gogo lile akijiambia kwamba ameshakula chumvi nyingi mno kwa kazi ya kuanza upya. Mwaka wa pili, alipofunua majani, mnyoo mmoja mwembamba alijikunja na kukimbia mwanga. Alimwita katibu muhtasi aje aone. Dada wa watu aliacha barua ya mkurugenzi mpya katikati ya sentensi, akaja, akavua viatu, akachuchumaa.

"Mmoja tu?" aliuliza.

"Mmoja tunayemwona," alisema Mama Mboji, akamfunika tena, taratibu, kwa majani.