Siku Nyayo Zilipofia Langoni Kwangu

Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Nilichimba dhahabu kwenye mashimo ya watu mpaka nikanunua mtamba wa kwanza, na kutoka kwa huyo mtamba likaja zizi lililojaa. Nyumba ya bati niliyo nayo huku upande wa Kisaka nimeijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Kanisani nilikuwa naenda, lakini niseme ukweli, nilikuwa naenda kama mtu anayemtembelea jirani. Sikuwa na haja naye.

Alfajiri moja, miaka si mingi iliyopita, nilitoka kufungua zizi nikakuta njia inayopita nyuma ya boma langu imechimbika. Kinyesi kibichi, kwato nyingi, zinatoka upande wa kijiji cha jirani na kushuka kuelekea korongoni. Ng'ombe wangu wote walikuwa ndani. Sikuhitaji kuambiwa. Hao ni ng'ombe wa wizi, wamepitishwa usiku mimi nikiwa nimelala.

Kwa mtu asiye wa huku nieleze. Ng'ombe wakiibwa, wenye mali wanafuata nyayo. Kila wanakopita, watu wa pale wanazipokea na kuzisogeza mbele. Zikipotea kwenye eneo lako na huna pa kuzionyesha, basi ng'ombe wako kwako, hata kama hujawaona. Watachukua zizi lako, na wakiwa na hasira nyumba nayo inawaka. Kwa hiyo ukiona nyayo kama zile, kazi yako ni moja, kupiga yowe.

Mimi sikupiga. Nilimwogopa mwizi. Nilijua watu wa namna ile wanarudi kwa aliyewachongea. Nikajiona nina akili. Nikatoa ng'ombe wangu, nikawazungusha juu ya ile njia, huku na huko, mpaka hakuna kwato iliyobaki ya kusomeka, halafu nikawapeleka malishoni. Nikarudi kunywa uji.

Saa tatu walifika. Wanaume wengi, mapanga, pinde, mbwa. Mbele yao mzee mmoja mkavu anayesoma nyayo, fimbo mkononi, hainui macho kutoka chini. Alizileta zile nyayo safi mpaka ukingo wa shamba langu, mpaka langoni, akasimama. Akazunguka mara mbili. Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kama ningeziacha, zingepita zikaenda zao. Nilizifuta pale pale nyumbani kwangu.

"Mzee mwenzangu," akasema, "nyayo zimefia kwako."

Nikasema sijui kitu, nimelala, nimeamka, nimepeleka ng'ombe malishoni. Kijana mmoja akacheka, akaniuliza tangu lini wazee wa huku wanalala usingizi wa mtoto mchanga. Mwenye ng'ombe walioibwa hakucheka. Alitazama bati langu, kisha akatazama juu, akasema jua likifika utosini atataka ng'ombe wake au atachukua chake.

Nilimpigia simu mtendaji wa kijiji, kijana wa watu kutoka mkoa wa mbali. Akanijibu polisi wako upande mwingine kabisa, gari halipo, niwabembeleze. Akaongeza kwamba ananiombea dua. Nilikata simu kwa hasira. Mimi sijawahi kubembeleza mtu.

Nikaingia ndani. Mke wangu alikuwa amepiga magoti kati ya magunia ya mahindi. Nje, hata jua halijafika utosini, nilisikia wameanza kubomoa lango la zizi tupu, miti inavunjika mmoja mmoja. Nikashuka kando yake. Nikaanza: Mungu, unajua mimi mwizi siyo, unajua nilivyohangaika, waondoe hawa watu. Nikarudia. Maneno hayakupita bati.

Mke wangu hakufumbua macho.

"Baba, nilikuona kutoka jikoni," akasema. "Nilikuona ukizungusha ng'ombe."

Nikamwuliza mbona hakuniambia kitu. Akasema tangu lini mimi naambiwa kitu. Halafu akasema, "Mwambie Mungu hilo kwanza. Mengine atajua mwenyewe."

Sala yangu ya pili ilikuwa fupi. Nilisema: Mungu, nyayo nimezifuta mimi. Nitoke nikawaambie, na kama ni kufa, usiniache peke yangu. Basi. Sikusikia sauti, sikuona mwanga. Hofu ilikuwa pale pale. Ila niliweza kusimama.

Nikatoka bila fimbo, nikasema yote mbele yao. Kijana aliyecheka alinipiga rungu begani, na bega hilo mpaka leo linajua mvua kabla ya mawingu. Yule mzee akamzuia.

"Mura, acha," akamwambia, kama wazee wa huku wanavyomwita kijana. Akanigeukia. "Zilielekea wapi?"

Nikawaongoza kushuka korongoni. Hicho ndicho kipande cha njia nisichokisahau. Mbuzi wa watu walikuwa wamepita pale, akina mama wa kuteka maji walikuwa wamepita, na mimi sikuwa na uhakika kama hata alama moja imebaki. Nyuma yangu nasikia pumzi zao. Kila hatua niliomba, Baba, moja tu. Nionyeshe moja tu. Mwenye bati na zizi, nimegeuka mwombaji wa kwato.

Ng'ambo ya korongo, kwenye tope, yule mzee aliinama, akakaa hivyo muda mrefu. Akamwita mwenye ng'ombe. Ilikuwa alama ya kwato iliyovunjika upande mmoja.

"Huyu wangu," akasema yule mwenye mali, sauti ndogo kama mtu anayeona mwanawe.

Tukafuata kutwa nzima, na mimi mbele, bega limevimba. Jioni walipatikana baadhi, wamefungwa kichakani. Wengine mpaka leo hawajaonekana. Kikao cha wazee kikanitoza dume langu kubwa kwa kosa la kufuta nyayo, likachinjwa, nikalila pamoja nao bila kusikia ladha. Mwenye mali hajanisalimia tangu siku hiyo, na wezi wanajua nani alionyesha njia yao.

Watu wa kanisani wanapenda nisimulie kwamba Mungu aliniokoa. Aliniokoa, sibishi. Lakini kila alfajiri, kabla ya kufungua zizi, nazunguka nyuma ya boma kutazama njia, na kila siku naomba kabla ya kutazama chini. Siombi tena nisikute nyayo. Naomba nikizikuta, sauti ya kupiga yowe itoke.

Bado sijazikuta. Kwa hiyo bado sijui.