Kupima na Kupunga

Mama alikuwa na Kiswahili cha sokoni, na katika Kiswahili hicho kupima na kupunga yalikuwa neno moja. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipopata kazi melini, aliwatangazia majirani zetu wa kijijini Kimuli waliotoka Burundi, ambao hakuwa na lugha nyingine ya kusema nao: "Mwanangu yuko baharini, anapunga upepo." Wakacheka sana. Mimi nilichukia. Napima, nilimwambia kila likizo, sipungi!

Kazi yenyewe ilikuwa kutunza rada ya watafiti wa hali ya hewa. Haikutafuta meli nyingine. Ilitazama juu, ikituma mawimbi angani na kupokea yaliyorudi, nasi tukajua upepo unavuma kwa kasi gani na unaelekea wapi. Tulipima mchana na usiku, katikati ya maji ambako hakuna hata mgomba mmoja. Upepo ule ulikuwa na adabu zake: kila siku ulizidi na kupungua kwa saa zilezile.

Likizo ya mwisho nilikuta nusu ya kibanja chetu, shamba la migomba la nyumbani, iko chini. Upepo wa mvua za kwanza ulikuwa umevunja migomba yenye mikungu michanga. Iliyobaki ndiyo chakula cha mama cha miezi iliyokuwa mbele, na miti ya kuiegemeza ilikuwa imekwisha. Jirani mmoja wa wale wa Burundi aliahidi kuleta mingine Jumamosi.

Mama akaniuliza kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, kama anayemuuliza daktari: "Wewe unayejua upepo, huu wetu utangoja Jumamosi?"

Sikujua. Miaka yote ile juu ya maji, na sikujua! Nilimwambia rada haioni huku kwetu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kufunga migomba iliyosimama kwa kamba za ile iliyoanguka. Nikamfuata, nikashika kamba alipotaka nishike.

Upepo ulikuja Alhamisi alasiri. Tulisimama mlangoni tukisikia migomba ikikatika nyuma ya nyumba, mmoja baada ya mwingine. Nilitamani mama anitukane.

Jumamosi jirani akafika na miti begani. Akaona kibanja, akaitua chini polepole.

"Shikamoo mama. Pole sana. Kumbe na kijana wa baharini yupo?"

"Marahaba. Yupo," mama akasema. "Alikuwa huko anapunga upepo."

Jirani hakucheka. Alinitazama, akingoja nimsahihishe mama kama kawaida yangu.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa napunga."