Mishale ya Salvina

Mcheke Salvina kwa unene wake, atacheka nawe. Iguse programu yake, uone. Aliiandika mwenyewe mwaka 1986, katika ofisi ya pamba mjini Shinyanga, ili kompyuta igawe mbegu kwa vijiji. Sasa mkuu wake, Bwana Athanas, alitaka kuitupa.

Shoka la kuikatia alipewa na Salvina mwenyewe. Ndani ya kompyuta jina la kitu ni mshale tu, unaoonyesha mahali kilipo; mishale miwili ikilenga mahali pamoja, ukifuta kwa mmoja umefuta na kwa wa pili. Salvina aliikagua programu kwa njia ya haraka, inayotia mishale yote kapu moja, nayo ikatuhumu kila kijiji: kufunga mgao wa kimoja huenda kukafuta mgao wa jirani.

"Hiyo 'huenda' inanitosha," Athanas alisema. "Turudi kwenye kalamu."

"Mzee, baba yangu Mabula, kule Mhunze, ameweka ng'ombe zizini kwa rafiki yake, na wenzake wameweka humo humo. Muulize mpita njia ng'ombe huyu ni wa nani, atakwambia huenda ni wa yeyote kati yao. Hajakosea, ila hajakusaidia. Mfuate aliyemleta, utampata mwenyewe. Nipe mpaka Jumatatu nifuate hivyo."

Athanas alikuwa mkali wa mdomo tu. Akampa.

Kazi ilimla, jamani. Kila ilipoitwa sehemu ya programu inayofuta, aliuliza: nani kaita, kaja na mshale gani? Mumewe Otmar alipika ugali ukaungua, Salvina akala na kushukuru. Zile 'huenda' zikaondoka moja moja, naye akawa anaimba. Kisha ikabaki moja, na hiyo ilikuwa kweli tupu. Mgao wa kijiji jirani ukifungwa, wa Mhunze ungefutika, baba yake akose mbegu.

Akakumbuka. Alipoiandika programu, nafasi ya kompyuta ilipombana, aliulaza mgao wa Mhunze kwenye zizi la kijiji jirani, kama Msukuma yeyote angefanya na ng'ombe wake. Rafiki hachinji ng'ombe wa mwenzake. Kompyuta haina rafiki.

Jumatatu alimweleza Athanas yote, macho chini.

"Vingine vyote salama?"

"Salama, mzee."

"Basi ijengee Mhunze zizi lake, uache kunitisha."

Mvua ziliponyesha, mzee Mabula alipanda pamba yake, akijisifu kwa majirani kwamba mwenye binti ofisini hasahauliwi. Salvina alipoambiwa alicheka, kisha akalia kidogo.