Sahani ya Firigisi Kitisuru

Baba alikuwa amesema mara moja na hakurudia: hawezi kuzungumza mambo ya mahari na nyumba isiyo na mwanamume. "Nitaongea na nani?" Mchumba wangu alifiwa na baba yake kabla hajaachishwa ziwa. Aliyemlea ni mama yake, muuza maziwa wa Limuru, na ndugu za marehemu walishatawanyika kitambo. Kwa hiyo msemaji wa upande ule alikuwa ni mama huyo, na baba hamtaki. Wala hakuwa amemwona. Nilikasirika, nikatulia, nikakasirika tena. Nilitaka kuolewa, na nilitaka baba akubali kwa mdomo wake.

Alipokuja Nairobi kupimwa macho akakaa kwangu Ngara, nikaona ni sasa au basi. Lakini wakutane wapi? Baba hangeenda kwa mama huyo kabla ya mambo rasmi, na mama naye hangekanyaga kwangu bila kualikwa na wazee. Mchumba wangu akasema kuna hoteli ya Wachina huko Kitisuru, bosi wake aliwahi kuwapeleka. Si kwao, si kwetu. Tukakubaliana.

Mimi nilidhani baba angeingia pale amenuna. Wapi! Baba ni fundi wa nyumba aliyestaafu, na hawezi kupita kitu bila kujua kimeshikiliwa na nini. Karibu na mlango kulikuwa na tangi la samaki, akasimama. "Hawa ni wa kuangaliwa au wa kuliwa?" akamuuliza mhudumu. Alipoambiwa ni wa kuliwa, alimtazama mmoja mnene kwa muda akamwambia pole. Mezani ndiyo kabisa. Katikati kulikuwa na kioo cha mviringo kinachozunguka, cha kuwekea sahani, na baada ya kumsalimia mama kwa neno moja tu, baba alishainua kitambaa cha meza anachungulia chini. "Kuna beringi ya kukizungusha," akatuarifu. "Safi sana." Mama wa mchumba wangu naye akainama upande wake kuangalia. Vichwa vyao vikapotea chini ya meza, sisi wawili tukabaki tunatazamana.

Walipoinuka, maswali yote baba alimuuliza kijana. Mama anafuga ng'ombe wangapi, akamuuliza kijana. Limuru kuna baridi sana siku hizi, akamwambia kijana. Na mama ameketi pale pale, kilemba kichwani, kikombe cha chai mkononi. Chakula kilipofika baba akamwambia kijana aombe. "Mama ataomba," kijana akajibu. Mama akaomba. Akaombea macho ya baba, akaombea mpishi, akaombea barabara ya kuturudisha Ngara, mpaka wali ukaacha kufuka. Nilifungua jicho moja. Baba alikuwa amefungua yote mawili, anamwangalia.

Kuku ndiye aliyetuletea balaa. Aliletwa amekatwakatwa lakini amepangwa mzima, kichwa kipo, miguu ipo. Baba akafurahi kuona kichwa. Akazungusha kioo polepole, akapindua vipande kwa kijiko, akazungusha tena. Nilijua anachotafuta. Kwetu magharibi, firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, na akija mgeni wa heshima hupewa yeye. Mke akipika kuku na firigisi isionekane, kesi hiyo inaweza kufika mpaka kwa wazazi wake. Ukimwandalia mgeni kuku asiye na firigisi, umemwambia kwamba hapa hana uzito. Na waliotualika kwenye meza hii walikuwa mchumba wangu na mama yake. Wachina wa watu wala hawana habari.

"Firigisi iko wapi?" baba akauliza, kwa ule upole wake ambao naujua na siupendi.

Mhudumu, msichana wa hapa hapa, akaenda jikoni akarudi. Akasema pale hotelini firigisi haiwekwi pamoja na kuku, ni chakula cha kuagizwa peke yake. Je, tungependa?

"Za kuku gani?" baba akauliza.

"Za kuku wengi, mzee."

Baba akaduwaa. Nikaona hasira inamtoka usoni na hamu ya kujua inaingia. "Lete nione," akasema.

Zikaja zimekatwa nyembamba, zimekaangwa na tangawizi na pilipili kavu, lundo zima. Mchumba wangu, ambaye nilikuwa nimeshamfunza, akazungusha kioo mpaka sahani ikasimama mbele ya baba. Baba hakugusa. "Sasa hizi zote," akasema, "mwenyewe ni nani?" Hakuwa anatania. Maisha yake yote amejua firigisi moja na mtu mmoja.

Mama akanyoosha mkono, akakizungusha kioo kuelekea kwake, akajipakulia, akala. Nikajua tumekwisha.

"Ina pilipili," akasema. Akaona baba anamtazama. "Hata kwetu ni ya baba wa nyumba, mzee. Mume wangu alipofariki, Krismasi ya kwanza nikachinja kuku, nikatoa firigisi nikaiweka kwa sahani yake. Ikakaa hapo. Huyu alikuwa anatambaa, hana meno ya kutafuna. Ningempa nani? Nikaila nikiwa nimesimama jikoni. Na tangu hiyo siku naila mimi."

Baba akaweka uma chini. Akageuza kiti chake mpaka akawa ameelekeana na mama yule uso kwa uso.

"Mama," akasema, "mkija kwetu, mtakuja wangapi?"

Mama alipangusa mdomo kwanza. "Mimi na dada zangu wawili. Huyu kijana atatuendesha."

"Karibuni," baba akasema. "Lakini kuku wa kwetu ana firigisi moja tu. Nitawaambia wakuwekee wewe."