Droo zisizopitisha hewa

Fabien Zihindula, seremala wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, alijifunza kazi Bukavu kwenye makabati ya kanisa. Huko droo nzuri ilijulikana kwa hewa: ukisukuma ya juu ndani, ya chini huchomoka yenyewe, kwa kuwa hewa haina pa kupita.

Kwa kipimo hicho alitengenezea pikapu kuukuu ya Niyongabo, fundi wa pampu, kabati la droo mbili za spana, akalizibia kwa mpira wa tyubu ya baisikeli.

Mvua iliwakuta wote wawili njiani, Lumbadzi. Niyongabo alichukua spana, akafunga droo ya juu, akainama chini ya gari. Nyuma yake droo ya chini ilichomoka, ikajaa maji. Haikuvuja hata tone.

"Fundi, umenijengea bwawa. Ukishindwa kutengeneza kesho, mi nazing'oa."

"Weka samaki kwanza," alijibu Zihindula. "Hata moja haitatoroka."

Kesho yake alitoboa matundu mawili mgongoni mwa kabati, upande wa kabini ambako mvua haifiki, akikunja uso kama anayeng'olewa jino. Akafunga ya juu. Ya chini ikatulia.

"Njo hivyo," alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Sasa iko droo za fundi yeyote, na inafanya kazi."