Gari Lililosogezwa

Mume wangu alipogongwa nilikuwa darasani, Kibondo, nafundisha hesabu. Mwalimu mkuu alikuja mlangoni, akaniita nje, akaniambia kuna ajali njia ya Kasulu, karibu na Makere, na mume wangu yumo. Hakujua zaidi ya hapo. Nilipofika hospitali nilimkuta yu hai, lakini mguu wa kulia ulikuwa umevunjika pabaya, juu na chini ya goti.

Makere ndiko kwao. Mimi ni mtu wa Singida. Kazi ya ualimu ndiyo iliyonileta huku. Mume wangu alikuwa na pikapu ya zamani aliyobebea maharage na mihogo ya wakulima kwenda gulioni. Mshahara wangu ulikuja ulipotaka, kwa hiyo ile pikapu ndiyo iliyotulisha sisi na watoto.

Siku hiyo tairi la nyuma lilipasuka. Akaegesha nje kabisa ya barabara, kwenye majani, akatandaza matawi mbele na nyuma kuwaonya wanaokuja, akachuchumaa kukaza nati. Lori la mizigo likashuka mlima bila breki, likaacha njia, likaipiga pikapu ubavuni. Pikapu ikamlalia mguu.

Waliokuwa karibu ni wanawake wa Kirundi, wakimbizi waliokuwa wakipalilia shamba la kukodi bondeni. Walisikia kishindo wakapanda mbio. Walisukuma na kuvuta mpaka gari likainuka, likabingirika lenyewe hadi katikati ya barabara. Wakamtoa. Mmoja wao akavua kitenge chake akamfunga mguu. Watu wa kijiji walipofika, kazi ilikuwa imekwisha, na wale wanawake walirudi shambani kwao, maana waliishi nje ya kambi bila kibali na hawakutaka kukutana na polisi.

Trafiki alifika jua limeshapinduka. Alichokikuta ni pikapu katikati ya barabara, matawi yamesagwa na magurudumu, na dereva wa lori anayesema ndivyo alivyoikuta. Akachora ramani ya ajali kama alivyoona.

Ramani hiyo ndiyo iliyotumaliza. Lori lilikuwa na bima, nasi tulidhani bima ipo kwa ajili ya watu kama sisi. Nilisafiri hadi Kigoma mjini nikiwa na karatasi za hospitali. Afisa wa bima alikuwa mtu mpole. Alinipa kiti, akanipa pole, akafungua faili.

"Mwalimu," akasema, "mumeo aliegesha katikati ya barabara bila alama yoyote. Hatuwezi kulipa."

"Hakuegesha barabarani. Gari lilisogezwa ili atolewe chini yake."

"Nani alilisogeza?"

"Wanawake waliokuwa shambani."

"Wako wapi?"

Majuma machache baada ya ajali, Warundi waliokuwa wakiishi vijijini walikusanywa na kupelekwa makambini. Wale wanawake walikuwa miongoni mwao.

Nilirudi nikamweleza mume wangu. Alikuwa amelazwa mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito.

"Wangeniacha palepale," akasema.

"Usiseme hivyo."

"Nani atawalisha wanangu? Mlemavu?"

Alipotoka hospitali hakuzungumza zaidi ya salamu. Watoto niliwapeleka Makere kwa bibi yao, kwa kuwa nyumbani sikuwa na cha kuwapikia kila siku. Usiku nilimsikia akilia akiwa amejifunika shuka usoni ili nisisikie. Mimi nililia chooni. Kuna asubuhi nilisimama mbele ya darasa nikasahau nilikuwa nafundisha nini, wanafunzi wakanitazama mpaka kengele ikalia.

Nikaenda Kasulu kwa yule trafiki. Siku ya kwanza hakuwepo. Ya pili aliniambia faili limefungwa. Nikakaa kwenye benchi nje ya kituo. Nikarudi tena wiki iliyofuata, nikakaa palepale.

"Mwalimu, unanionea," akasema mwishowe. "Mimi nimechora nilichokikuta."

"Najua, afande. Hukudanganya. Lakini ulichokikuta sicho kilichotokea."

Alivua kofia, akajipangusa jasho. "Basi niletee mtu aliyekuwepo. Akisema, nitaandika. Ila mimi simfuati."

Kambi walikopelekwa haikuwa mbali na Kibondo. Nilizunguka huko nikiuliza wanawake waliotoka Makere, kwa Kiswahili na kwa Kiha changu kibovu, lugha ya wenyeji ambayo Warundi wanaielewa. Wengine walidhani nimetumwa na serikali, wakanikwepa. Nilimpata mmoja kwenye foleni ya maji, mama wa makamo, mrefu, mwenye kovu kidevuni. Nilimsalimu kwa lugha yao, "Amahoro." Nilipomtajia ajali aliweka ndoo chini.

"Bwana yako anaishi?" akauliza.

"Anaishi. Hatembei."

"Nilimfunga na kitenge changu. Alikuwa anaita mama yake."

Nikamweleza nilichokuja kuomba. Alinisikiliza hadi mwisho, macho yake kwenye maji. Kisha akasema taratibu, bila hasira:

"Siku ile tulikuwa majirani. Halafu wakaja na magari kutuchukua. Watu wa Makere walisimama milangoni wakatuangalia. Hakuna aliyesema, hawa ndio waliomtoa mtoto wetu chini ya gari. Na waliotuchukua ni polisi. Sasa unataka niende nikaongee na polisi."

Alichosema kilikuwa kweli, na mimi mwenyewe siku walipochukuliwa nilikuwa na mgonjwa wangu, sikuuliza hata wamepelekwa wapi. Nilikaa chini pale kwenye matope. Sikukusudia kumwonyesha machozi, lakini yalitoka. Aliniacha nilie. Foleni ilisogea, wakampita.

"Nina binti Makere," akasema baadaye. "Ameolewa na Muha, ndiyo maana hawakumchukua. Amejifungua, sijamwona mtoto. Nitakwenda, lakini tukipita kwao gari lisimame."

Mkuu wa kambi alimpa kibali cha siku moja, atoke asubuhi arudi kabla ya jua kuzama. Nilipata nafasi kwenye gari la mfanyabiashara aliyemfahamu mume wangu. Yule mama alikuwa na unga kidogo wa mgao amefunga kwenye nguo, zawadi ya mzazi. Njia nzima aliushika mapajani.

Makere tuliukuta mlango wa binti umefungwa. Jirani alituambia binti amekwenda na mumewe Buhigwe kwenye msiba, watarudi baada ya siku mbili. Yule mama alisimama akiutazama ule mlango. Nikamwambia tungoje kidogo, ingawa nilijua hakuna cha kungojea. Akamkabidhi jirani unga, akarudi garini. Nilifikiri atasema turudi kambini, na kama angesema hivyo nisingemlaumu.

"Twende," akasema.

Kituoni Kasulu alisimama mbele ya trafiki. Alieleza gari lilikuwa wapi, matawi yalikuwa wapi, walisukuma kutoka upande gani. Trafiki alimuuliza swali moja mara tatu kwa namna tofauti, naye akajibu vilevile. Mwisho trafiki aliweka kalamu chini, akaniambia ataandika maelezo ya nyongeza kwamba gari lilisogezwa kabla hajafika.

Tulipoagana kambini alinishika mkono tu, akaingia.

Afisa wa bima alisoma maelezo yale, akasema faili litapelekwa makao makuu. Tukangoja. Mvua zilikuja zikaisha. Mume wangu alijifunza kutembea kwa fimbo, na ule mguu ulibaki mfupi. Nilikuwa nimeacha kutumaini barua ilipofika. Walikubali lori ndilo lenye kosa, lakini pikapu waliithamini kama chuma chakavu, na mguu wakaupa kidogo kuliko tulivyodhani mguu wa mtu unastahili.

"Mnaweza kukataa na kwenda mahakamani," afisa akasema.

Mume wangu aliniangalia. Alikuwa amekonda, kola ya shati imemzidi shingo. "Sina nguvu ya kungoja tena," akasema. Akatia sahihi kwamba hatudai kitu chochote zaidi.

Fedha ile ilituwezesha kufungua kibanda cha vipuri vya baiskeli pale Kibondo, kazi ya kukaa. Watoto wakarudi. Furaha haikuja mara moja, ila siku moja nilimsikia akimtania mteja kuhusu mnyororo wa baiskeli, nikajua amerudi kidogo.

Likizo ilipofika nilikwenda Makere, nikamchukua yule binti na mtoto wake, nikawafikisha kambini. Bibi alimpokea mjukuu mlangoni pa kibanda cha turubai, akamgeuza huku na huku, akamkagua vidole. Mtoto alimkataa, akalia, akataka mama yake. Yule mama alicheka akamrudisha.

"Hanijui," akasema, akavuta kigoda ili tukae.